Chungu Chini ya Mnara

Nyarugusu,
Novemba 2, 1936

Kwa dada yangu mpenzi Mwahija binti Feruzi, Shinyanga.

Shikamoo dada. Mimi mwili wangu ni mzima, na natumai barua hii itakukuta nawe u mzima, pamoja na Tabu na mdogo wake, na shangazi Mwasiti ambaye nilisikia miguu inamsumbua tangu kiangazi. Je, anaweza kutoka uani sasa? Na paa la jikoni, mlikwisha kuliezeka kabla mvua haijawakuta? Huku imenyesha mara mbili, ikakata, na vumbi limerudi kama kwamba halikuambiwa.

Salamu ndizo hizo. Yaliyobaki si mazuri. Umekwisha kusikia, au utasikia karibuni, kwamba nilimwinukia mumeo, Baba Tabu, mbele ya baraza la mtemi, nikamwita mwongo, hata askari wakanishika mikono na kunitoa nje. Ni kweli. Wakikuambia nilitukana pia, ni kweli vilevile. Wakikuambia nilikuwa nimelewa, hapo wanaongeza yao.

Nitakueleza kwa mpango wa mambo yalivyotokea. Nikianzia mwisho utaikunja barua hii usiisome tena, nami nataka uisome yote. Niliyoyaona nitasema nimeyaona. Niliyoambiwa nitamtaja aliyeniambia.

Kazi iliyotuleta huku Baba Tabu na mimi unaijua kwa jina, lakini sidhani aliwahi kukueleza vizuri, maana yeye akirudi nyumbani husimulia urefu wa mnara tu. Kampuni inataka picha ya nchi yote yenye dhahabu, kutoka hapa hadi karibu na Buseresere. Si picha ya kutundika ukutani. Ni ya kupimia. Kamera hupandishwa juu ikapiga kilima. Halafu huhamishiwa mnara mwingine ikakipiga kilima kilekile kwa upande wa pili. Kisha picha mbili hutazamwa pamoja kwa chombo, na kilima kinasimama juu ya meza, unatamani kukishika. Hapo wanajua mwamba wenye dhahabu unaelekea wapi bila kukanyaga shamba la mtu wala kumbishia hodi. Nchi hii ni ya miombo, na miti inaziba macho. Kwa hiyo lazima kamera ipande juu ya miti.

Kila mnara ni minara miwili. Mmoja umesimama ndani ya mwingine, na haigusani mahali popote. Wa ndani ni wa kamera peke yake. Wa nje ni wa watu, ili mtu akipiga hatua au akikohoa chuma chake kitikisike peke yake na kamera itulie. Kila mmoja una miguu mitatu, na miguu hiyo imeshikwa na vyuma vya mshazari, na kila kiungo kina bolti tatu. Mnara ambao bolti zake zimekazwa, hata shangazi Mwasiti angeupanda kwa miguu yake hiyo mibovu. Mnara ambao bolti zake zimelegea ni rundo la vyuma lililosimama kwa muda.

Mzungu wetu vibarua walimpa jina la Bwana Kioo, kwa sababu picha zake hupigwa juu ya vioo vyembamba vinavyokaa ndani ya sanduku lenye giza, na vioo hivyo havikuruhusiwa kubebwa na mtu aliyekuwa na kikohozi. Huyu si mjinga. Nataka ulijue hilo tangu mwanzo, kwa kuwa wako watu hapa wanaomtetea kwamba hakujua. Kazi ya chuma anaijua kunishinda, na mimi nimefunga madaraja ya reli kutoka Tabora hadi Mwanza.

Mnara wa kwanza tuliujenga upande wa Buseresere, na ulijengwa vizuri. Huko ndiko nilikoona jambo moja ambalo utalihitaji baadaye. Kabla ya kusimamisha chuma chochote, huchimbwa shimo katikati, pale hasa ambapo timazi huangukia. Chini kabisa Bwana Kioo aliweka chupa iliyojazwa mkaa, akaifukia, na juu yake akasimika jiwe lenye msumari. Nilimwuliza mkaa ni wa nini. Alinijibu kwamba jiwe la juu linaweza kung'olewa na ng'ombe, au na mtu anayetamani msumari, lakini mkaa hauozi, na hakuna mkaa unaojiotea wenyewe chini ya ardhi. Mpimaji atakayekuja siku wajukuu wetu wakiwa wazee atachimba, ataukuta, atajua kipimo kilianzia hapa. Nilikubali kwamba ni akili. Kila mnara huzikiwa alama yake namna hiyo.

Tulipofika Nyarugusu tulikuwa tumechelewa. Watu walikuwa wanachoma misitu kutayarisha mashamba, na moshi ulijaa hewani hata kilima cha jirani hakionekani sawasawa. Kamera haipigi moshi. Bwana Kioo akasema mnara lazima uwe umesimama kabla ya mvua ya kwanza, kwa maana mvua ya kwanza huosha hewa, na asubuhi yake ndiyo asubuhi ya picha. Vibarua walikuwa wengi lakini walikwenda taratibu. Baba Tabu, akiwa nyapara mkuu, ndiye aliyetoa shauri la kuwashindanisha.

Wewe unawajua Bagika na Bagalu. Umewaona uwanjani baada ya mavuno, kundi hili upande huu na kundi lile upande ule, kila moja na ngoma yake na dawa yake ya ushindi, na watazamaji wakihama kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu mpaka mmoja abaki akicheza mbele ya vumbi. Hata shambani wanalima kwa ngoma, na kundi linalofika mwisho wa shamba kwanza ndilo limeshinda. Baba Tabu aliwagawa vibarua kwa vyama vyao. Bagalu akawapa mnara wa nje, Bagika akawapa wa ndani, ngoma zikaletwa, na fahali mmoja akafungwa chini ya mti watu wamwone.

Kiongozi wa Bagalu aliitwa Masele, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wa Bagika ni Nkwabi, mfupi, mwenye maneno. Dada, nimefanya kazi na watu wengi, lakini sijapata kucheka kazini kama siku zile. Nkwabi aliimba kwamba Bagalu wanapanda kama bibi harusi anayeogopa kumwaga maji ya mama mkwe. Masele akamjibu kutoka juu kwamba Bagika wamo ndani ya mnara wa wenzao kama vifaranga tengani, wasiogope mwewe, Bagalu wamewafunika. Uwanja mzima ulicheka. Nkwabi akaacha kicheko kiishe, kisha akaimba kwamba tenga likidondoka tutaona nani ana mabawa.

Neno hilo moja ndilo lililomfunga.

Sasa sikiliza habari ya bolti. Anayelima kwa mashindano akiruka shina moja la magugu si neno, mkewe atalipalilia kesho. Ndivyo walivyozoea, na ndivyo walivyofanya. Waliweka bolti moja penye bolti tatu, wakaisokota nati kwa vidole, wakakimbilia chuma kinachofuata, kwa kuwa ngoma ilikuwa inapigwa na aliyekuwa juu zaidi ndiye aliyekuwa anashinda. Hakuna aliyewaambia vingine. Mimi nilipanda nyuma yao na spana, pamoja na watu wawili, tukaziongeza na kuzikaza. Lakini wao walikuwa wengi na sisi watatu. Bagalu walipofika kileleni na kuanza kushangilia, mimi nilikuwa sijafika hata nusu ya mnara wa nje.

Nilishuka nikamwambia Bwana Kioo. Nilimwambia mbele ya Baba Tabu, mchana, kwa Kiswahili ambacho anakisikia vizuri: kutoka nusu kwenda juu mnara wa nje haujakazwa, asipande mtu. Akaniambia anajua, na kwamba alikuwa ameona kwa darubini yake. Akasema tutakaza.

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi hewa ilikuwa safi, na vilima vya mbali vilikuwa vimesogea kama vimeitwa. Bwana Kioo alitoka hemani na kifungua kinywa chake mkononi. Nilikwisha kupanga watu wa kukaza, spana zimetoka sandukuni. Akasema kukaza ni alasiri. Akasema jua halingojei. Nikarudia maneno ya jana. Akajibu kwamba aliyasikia jana. Nikamgeukia Baba Tabu, naye akatazama viatu vyake.

Basi nikamwendea Masele mwenyewe. Baba Tabu alikuwa amempa heshima ya mshindi, yaani kubeba sanduku la vioo mgongoni na kupanda wa kwanza, mbele ya macho ya Bagika wote. Nilimweleza kwamba huko juu nati zimesokotwa kwa vidole. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akaniuliza nimekuwa Mgika tangu lini. Watu wakacheka. Nami ningefanya nini, nimshike miguu? Akapanda akiimba.

Niliyaona yote, kwa hiyo nitayasema kwa ufupi. Alikuwa amebakiza kidogo kufika kileleni. Chuma kimoja cha mshazari kilichomoka kiungoni, kikaning'inia. Kisha cha pili. Mguu wa upande wa kusini ukafunguka nje kama mguu wa ndama mchanga, na sehemu ya juu ya mnara ikalala. Masele alianguka kwa mgongo. Mnara wa ndani, ule wa Nkwabi, ulipigwa na vyuma vya mwenzake ukapinda pia.

Nilifika nikapiga magoti upande wa kichwa. Bwana Kioo alifika akapiga magoti upande wa mgongo. Alikata kamba za sanduku kwa kisu, akalitoa mgongoni, akaingia nalo chini ya kitambaa chake cheusi ili mwanga usiviharibu vioo. Masele alikuwa bado anapumua. Nilimsikia mzungu yule chini ya kitambaa akisema, kwa lugha yake, neno ambalo hulisema akifurahi. Karani wa kampuni aliniambia baadaye kwamba vioo viwili vilikuwa vizima.

Sina la kuongeza juu ya hapo. Nimeiandika sentensi ile mara nne, na mara tatu niliichana karatasi.

Masele alizikwa siku iliyofuata. Ndugu zake hawakuuliza habari za bolti, kwa sababu tenga lilikuwa limedondoka kama lilivyoimbwa. Walimleta mganga. Huyo mganga simlaumu. Alifanya kazi yake na alikuta alichokikuta. Alizunguka miguu ya mnara, akaenda katikati, akasema pachimbwe chini ya jiwe. Wakachimba. Kikatoka chungu kidogo kilichofukiwa kinywa chini, ndani kimejaa mkaa mtupu.

Dada, watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mkaa mweusi, katikati hasa, chini ya mnara ulioua. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kukimbilia kwa Nkwabi. Kabla ya jua kuzama ghala lake la mtama lilikuwa majivu, na mkewe Zipora alikuwa njiani kwenda misheni na watoto, amebeba chungu cha uji ambao haukuwa umeiva. Nkwabi mwenyewe askari wa mtemi walimwahi. Bila hivyo ningekuwa nakuandikia habari ya vifo viwili.

Mimi sikuwapo walipochimba. Nilikuwa nimetumwa mtoni kupokea lori la vyuma. Niliposikia habari ya chungu cha mkaa, nilicheka kwa hasira, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kioo kumwambia kwamba watu wamefukua alama yake na wanaiita uchawi, naye aende akaseme neno moja tu, mtu aachiliwe. Alikuwa anafunga mizigo. Akaniambia kampuni haiingilii mambo ya dawa za wenyeji. Nikamwambia kwamba si dawa, ni alama, na yeye ndiye aliyenifundisha. Akasema taarifa yake imekwisha kwenda, na ndani yake ameandika kwamba ajali ilitokana na uhasama wa vibarua. Kisha akaniomba nimshikie ncha ya turubai.

Sikuishika.

Baraza lilikaa Jumatano. Mtemi alikuwapo na wazee wake, na watu wamejaa mpaka nje ya ua. Nkwabi aliulizwa kama aliimba maneno ya tenga na mabawa. Akasema aliimba, na kwamba mwaka juzi Masele alimwimbia afe na kuhara, na hajafa wala hajahara. Wengine walicheka, wakakatazwa. Akaulizwa kama ana dawa. Akasema kila kiongozi wa ngoma ana dawa, hata aliyekufa alikuwa nayo, lakini ni dawa ya kuvuta watazamaji, si ya kulegeza chuma. Akaulizwa habari ya chungu. Akasema hakijui.

Ndipo akaitwa shahidi aliyemwona akikifukia. Akasimama Baba Tabu.

Aliapa kwa msahafu. Alisema kwamba alfajiri moja, kabla ya ngoma ya kwanza, alimkuta Nkwabi amechutama katikati ya mahali pa mnara akifukia kitu, naye hakudhania ubaya. Alisema kwa upole, kama anavyosema anapokuombea mgeni nafasi ya kulala. Mtemi alitikisa kichwa kwa huzuni. Shauri likakatwa kwamba Nkwabi apelekwe mbele ya Bwana Shauri wa serikali, mkuu wa wilaya, na baraza linaomba ahamishwe nchi hii, yeye na nyumba yake, asirudi. Wewe unajua maana ya kuhamishwa kwa jina la uchawi. Huko atakakopelekwa, jina litamtangulia. Hatapewa shamba, wala maji kisimani, wala mtu wa kumzika.

Hadi hapo mimi nilikuwa nangoja zamu yangu nieleze habari ya bolti na alama. Nilidhani shemeji yangu amechanganyikiwa kwa hofu, kwa kuwa mashindano yalikuwa shauri lake. Kisha karani wa baraza akakiinua chungu juu ili watu wote wakione.

Dada, ni chungu chetu.

Ni kile chungu cha marehemu mama, cha achari. Ulinitumia mwezi wa saba kwa mkono wa Bujiku mwenye lori, kimejaa achari ya ndimu, mdomo umefungwa kwa jani la mgomba na kitambaa, ukaniandikia kwamba kifuniko umekibakiza kwako kwa kuogopa kisije kikapasuka njiani. Niliijua shingo yake yenye mistari mitatu, na pengo la ukingoni ambalo mama alilikuta siku ile alipotuchapa sote wawili kwa sababu hakuna aliyekubali kulitaja. Achari ilipokwisha nilikitafuta chungu nikurudishie. Baba Tabu akaniambia kimevunjika, akaniomba nisikwambie usije ukasikitika. Nami nikanyamaza, nikamwona ni mume mwema.

Baada ya baraza karani wa kampuni aliniambia yaliyobaki, mlango umefungwa. Chupa za Bwana Kioo zilivunjika njiani zote. Alipotaka kuzika alama ya Nyarugusu, siku ambayo mimi sikuwapo, akauliza kama kuna chombo chochote cha kufaa. Baba Tabu akaenda chumbani kwetu akaleta chungu, akakijaza mkaa wa jikoni, akakitia shimoni kwa mikono yake, na mzungu amesimama juu yake na timazi. Karani alikuwa ameshika mwavuli. Nikamwomba aje aseme hivyo mbele ya Bwana Shauri. Akaniambia ana watoto.

Kwa hiyo mumeo hakukosea wala hakuogopa akababaika. Alimtazama mtu usoni akaapa kwamba alimwona akikifukia kitu ambacho alikifukia yeye mwenyewe, katika chungu alicholia achari ya mkewe. Na siku ya pili Bwana Kioo alimtangaza kuwa nyapara wa minara yote itakayojengwa mpaka ziwani. Lakini barazani nilikuwa sijayajua hayo yote; kilichonisimamisha ni kukiona chungu. Nilipiga kelele kwamba chungu ni cha dada yangu. Baba Tabu akatabasamu akasema vyungu ni kama vyura, nani atawatofautisha, na kwamba mimi fundi natafuta pa kuficha bolti zangu. Hapo ndipo nilipomtukana. Nikasema kifuniko chake kiko Shinyanga, na kwamba mama alikisugua kwa jiwe kifuate lile pengo, hata sasa kinaingia kwa upande mmoja tu wala hakikubali chungu kingine duniani, na kwamba kitaletwa. Wakanitoa nje.

Jioni yake alikuja kwangu Limi, mjane wa Masele. Nilidhani amekuja kunilaani. Aliketi akaniuliza kama ni kweli kwamba nati zilisokotwa kwa vidole. Nikamwambia ni kweli. Akasema kwamba Masele na Nkwabi walikuwa wakitukanana mchana na kuvuta tumbaku moja jioni, na kwamba zinazotukanana ni ngoma, si watu. Alisema hataki mumewe aimbwe miaka yote kuwa alishindwa kwa dawa ya Mgika. Akisema hivyo kwa ndugu wa mume wanamwambia kwamba yeye pia amerogwa. Ananiuliza kila siku kama mtu wa kifuniko amefika.

Bwana Shauri atasikiliza kesi hii Geita, Jumatano tarehe 11, kabla ya mwezi kuandama. Ninaomba uje na kifuniko. Bujiku, aliyekuletea barua hii, atarudi na lori lake Jumamosi, na ameahidi kukupa nafasi mbele, pamoja na Tabu ukipenda. Nimemweleza kila kitu. Nimeomba nafasi ya kusema na nimekubaliwa. Nitasema habari ya bolti hata wakinifukuza kazi, na watanifukuza. Lakini maneno yangu ni ya mtu aliyetolewa nje ya baraza. Wewe ukisimama na kukiweka kile kifuniko juu ya kile chungu, hakuna haja ya mtu yeyote kusema neno.

Najua ninachokuomba. Kikiingia, mumeo ameapa uwongo, na wataondoka naye yeye badala ya Nkwabi. Ni baba wa watoto wako. Sikusaidii kuamua kwa kukuambia maneno laini, sina maneno hayo mwezi huu. Ninakwambia tu kwamba mtu mmoja amezikwa, na mwingine anazikwa akiwa hai, na chombo kilichotumika ni cha mama yetu.

Liko kosa langu moja. Sikupaswa kutaja kifuniko mbele yake. Asubuhi iliyofuata Baba Tabu aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akasema mtoto anaumwa. Ruhusa ameipata jana tu, akapitia Mwanza apande gari moshi. Bujiku anapita Kahama, na barabara ya Kahama mvua imeikata mahali pawili, kwa hiyo sijui nani atafika kwanza, barua au mumeo.

Ikiwa barua ndiyo ya kwanza, fanya unavyoona. Mwambie shangazi Mwasiti, yeye alikuwapo mama alipokuwa anakisugua kifuniko kile.

Ikiwa Baba Tabu ndiye wa kwanza, basi huna haja ya kuniamini mimi. Jiulize tu alipoingia ndani aliulizia nini kwanza, mtoto anayeumwa au kifuniko cha chungu ambacho aliniapia kimevunjika.

Nisalimie Tabu, mwambie mjomba wake hajamsahau. Nisalimie shangazi na majirani wote wanaoniuliza, hata wale ambao kuanzia leo hawataniuliza. Ukija, kifunge kifuniko kwa nguo nzito na ukipakate mwenyewe, usimpe mtu.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,

Muhidini bin Feruzi